Folda Iitwayo Risiti

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Siku ya tatu baada ya mazishi ulisema nisikanyage tena kwako, wala nisikupigie simu. Barua hukuitaja, kwa hiyo nakuandikia barua.

Siandiki kugombana. Nina ombi moja. Laptopu ya mume wangu, ile nyeusi yenye ufa kwenye kifuniko, iko kwako tangu alipokuja kuugulia hapo. Alipokuwa kitandani alirekodi humo hadithi za binti yetu, ishirini na kitu, kwa sauti yake mwenyewe. Aliniambia kwa simu. Juzi asubuhi nikiwa namvisha Chiriku viatu vya shule akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongea kama nani?" Nikajaribu kumwigizia. Nikashindwa, naye akaona kwamba nimeshindwa. Ana miaka mitano tu, na sauti ya baba yake imeshamtoka.

Mjomba wa marehemu ameniambia kwamba laptopu haiwaki sawasawa, inakwama kwenye maandishi meupe, na kwamba unataka kuipeleka kwa fundi wa sokoni. Nakusihi usiipeleke. Fundi mwenye haraka atafuta kila kitu, aweke mfumo mpya, akurudishie laptopu inayowaka vizuri na haina hata neno moja la mwanao.

Kazi yangu ni hii ya kompyuta, unajua. Ndani ya bahasha kuna flashi niliyoiandaa mwenyewe hapa chuoni. Imebeba mfumo mzima wa kompyuta. Ukiichomeka kabla ya kuwasha, laptopu itaamka kwa kutumia flashi badala ya mfumo wake ulioharibika, na mafaili yataonekana. Naomba unakili folda mbili, Hadithi na Risiti, kisha unitumie. Ya Risiti usiifungue. Inakili ilivyo.

Wako,
Mkweo

*

Kumb. KMP/l
l4 Februari

YAH: KOMPYUTA YA MAREHEMU MWANANGU

Barua yako ya tarehe 6 nimeipokea jana katika bahasha iliyovimba. Marahaba.

Nilikalia kiti cha mpiga chapa miaka thelathini na mmoja, chini ya wakuu saba. Barua nilizopiga siwezi kuzihesabu, na nimejifunza kwamba jambo lenyewe hukaa kwenye mstari mfupi. Wewe umeandika mistari mingi kuhusu hadithi za mtoto, na mmoja kuhusu Risiti. Risiti za nini? Mwanangu hakutunza risiti hata siku moja. Akipewa dukani alizitafuna huku akiwaza mambo mengine, tangu akiwa mdogo hadi akaota ndevu. Leo amekuwa na folda nzima ya risiti, na mjane wake hataki nizione.

Miezi minne alilala kwenye chumba changu cha mbele. Nilimgeuza, nilimwogesha, nilimlisha supu kwa kijiko cha chai kwa sababu cha supu kilikuwa kizito kwake. Kila Ijumaa nilimuuliza, mkeo yuko wapi? Akanijibu, amekataa kuja. Sasa huyo aliyekataa kuingia kwa mlango anataka kuingia kwa flashi.

Sikuichomeka. Nimeirudisha kwenye bahasha, nimeifunga kwa gundi, nimetia sahihi yangu juu ya gundi ili nijue ikiguswa, na iko kwenye kopo la vifungo. Kitu kilichotoka mkononi mwako hakiingii kwenye kompyuta ya mwanangu. Na kompyuta yenyewe haitoki humu ndani. Kuhusu kutowaka, ilijizima yenyewe.

Ukiwa na neno, liandike. Neno lisilo na tarehe na sahihi ni upepo.

Ni mimi,
Mama wa marehemu

Nakala: Jalada

*

22 Februari

Mama,

Shikamoo.

Sawa, usiniamini. Nimekaa siku mbili nikifikiri, nikaona kazi hii inawezekana bila wewe kuniamini hata kidogo, na pengine itakwenda vizuri zaidi hivyo.

Flashi yangu iache kwenye vifungo. Nunua mpya dukani, ikiwa bado kwenye gamba lake. Nenda ofisini kwenu kwa yule karani aliyerithi kiti chako. Nimesikia kompyuta zao siku hizi zinatumia Linux, mfumo huru usio na mwenyewe mmoja, na ndio huohuo tunaouhitaji. Mwombe aupakue kutoka kwenye tovuti ya hao wanaoutengeneza. Anwani aitafute yeye, mimi siitaji, usije ukasema nimewaelekeza kwenye mtego. Litakuja faili moja kubwa. Aliite mfumo.iso.

Kwenye tovuti hiyohiyo wanaandika alama ya uhakiki: herufi na tarakimu sitini na nne zisizo na maana yoyote. Karani ataiambia kompyuta yenu ikokotoe alama ya faili mlilopakua. Zikilingana zote sitini na nne, faili ni halali, halijaguswa na mtu njiani. Ikipishana hata moja, litupeni. Kwa hiyo wa kuaminiwa hapo si mimi, ni macho yako, na najua ni macho ya namna gani.

Kisha, kabla ya kuchomeka flashi, fungueni dirisha jeusi la amri mwandike:

lsblk

Yatatokea majina ya diski zilizomo. Yanakili. Chomekeni flashi, andikeni tena. Jina lililoongezeka ndilo la flashi. Tuseme ni sdb. Basi:

sudo dd if=mfumo.iso of=/dev/sdb bs=1M

Hapo kwenye of= ndipo penye hatari. Mkitaja jina la diski ya ofisi badala ya flashi, amri itaifuta diski ya ofisi bila kuwauliza mara mbili. Haina huruma na haina adabu. Litazameni jina hilo mpaka macho yaume.

Umesema laptopu ilijizima yenyewe. Mama, huu ni mwaka wa kumi na mbili natibu kompyuta, na sijaona iliyojizima yenyewe ikaishia kwenye maandishi kama hayo. Lakini sikuulizi. Nawe usiniulize kuhusu Risiti.

Mkweo

*

Kumb. KMP/2
l3 Machi

YAH: AMRI YAKO ISIYOFANYA KAZI

Nimefika ofisini mara mbili. Karani unayemtaja tunamwita Bi Mihuri, kwa kuwa hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno anaigonga mihuri mitatu. Hakupenda nikae kwenye kiti changu cha zamani, lakini alinipisha.

Faili lilishuka kwa saa mbili na nusu. Alama ya uhakiki tuliihakiki kama tulivyofundishwa. Yeye alisoma kwa sauti kutoka kwenye tovuti, tarakimu moja moja, nami nikafuata kwenye skrini kwa rula. Kisha tukabadilishana, nikasoma mimi akafuata yeye. Mkuu wake alipita akatukuta tunaimba "sita, e, nne, nne, b" akasimama mlangoni kidogo, akaenda zake. Zote sitini na nne zimelingana. Hapo nakiri nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyeniomba nilinganishe kitu.

Furaha haikudumu. Nimeandika amri yako neno kwa neno. Mimi sibadilishi maandishi ya mtu, hata mkuu akikosea napiga kosa lake kama lilivyo. Mashine ikajibu kwamba namba iliyopewa si namba halali. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Bi Mihuri akaniuliza kama nina hakika na huyo aliyeniandikia, kwa sababu amri inayoweza kufuta rejista za ofisi nzima si mzaha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi. Umenipa amri mbovu makusudi ili nishindwe, nikuletee laptopu mwenyewe? Au ulitaka nifute rejista za watu, niaibike kwenye ofisi niliyoiacha kwa heshima? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wewe hata nguoni sikukuweka.

Na jingine. Nikiiwasha laptopu kwa flashi hiyo, itabadilisha chochote cha mwanangu? Itaandika humo kwamba nimeingia?

Mama wa marehemu

Nakala: Jalada

*

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaiweka mezani, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kisha nikairudia.

Nikaitafuta na ile ya kwanza, nikaziweka pamoja. Tazama tarehe zako. Tarehe kumi na nne, tarehe kumi na tatu. Ile moja yako si moja, ni herufi l ndogo. Taipureta yako haina kitufe cha moja, sivyo? Nimemuuliza mama mmoja mtu mzima hapa chuoni akasema ndivyo walivyofundishwa wote, moja unaipiga kwa l, na kidole kikishazoea hakirudi nyuma. Kwenye karatasi haina neno, msomaji anaelewa. Kompyuta haielewi, kwake l ni l. Amri yangu ilisema bs=1M nawe umeandika lM, ndiyo maana ikalalamika kuhusu namba. Tumia kitufe cha moja, kiko juu kushoto kwenye kibodi.

Sikukutega. Ningetaka uaibike, Mama, siku ya tatu ya msiba nilikuwa na watu sitini wa kusikiliza, na ukumbuke nilinyamaza.

Ukishaandika amri sawasawa, mashine itakaa kimya. Haitasema inaendelea wala imefika wapi. Kishale kitapepesa tu, pengine robo saa. Usikatishe. Itakapomaliza itaandika mistari mitatu. Chomoa flashi, nenda nayo nyumbani, ichomeke kwenye laptopu ikiwa imezimwa, washa huku ukigonga kitufe cha F12, chagua USB kwenye orodha. Ukiulizwa, chagua kujaribu bila kusakinisha. Hilo la kusakinisha usiliguse. Diski ya marehemu itaonekana pembeni kama kabati.

Umeuliza kama itaandika kwamba umeingia. Hapana. Mfumo wa kwenye flashi unaishi kwa muda ule tu umewashwa. Ukizima, unasahau kila ulichokigusa, na ukiwasha tena unaamka mgeni kabisa, haujui hata kama mlionana jana. Ukinakili tu, laptopu ya mwanao itabaki ilivyokuwa. Hakuna atakayejua umefungua nini.

Nimekuambia hilo kwa sababu umeuliza, na mimi siongopi kuhusu kompyuta.

Mkweo

*

Kumb. KMP/3
3l Machi

YAH: RISITI

Imewaka.

Bi Mihuri alitia neno la siri la ofisi, mimi nikapiga amri kwa moja halali, akashika kidole changu kabla sijabonyeza, tukasoma tena lile jina la baada ya of=. sdb. Tukabonyeza. Mashine ikanyamaza dakika kumi na saba. Bi Mihuri alikwenda kuchukua chai akarudi nayo, akainywa, na bado. Nimekaa nje ya milango ya wakubwa nikisubiri majibu, lakini sijawahi kusubiri kitu kimya namna ile. Mwisho ikatoa mistari yake mitatu.

Nyumbani niliiwasha laptopu juu ya meza ya chumba cha mbele, pembeni mwa kitanda chake. Kitanda sijakitandua. Ilikuwa saa nne asubuhi. Diski ikatokea pembeni kama ulivyosema, na ndani yake folda zako mbili. Hadithi ina mafaili ishirini na sita. Nilifungua la kwanza. Akasema, "Chiriku, kaa vizuri, acha kuchezea shuka," kama vile mtoto yuko hapohapo. Nikazima. Sikuweza zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye jambo. Risiti ina mafaili tisa, na yote tisa ni ya sauti. Risiti gani inayoongea? Umenidanganya kwa jina la folda, au mwanangu ndiye aliyedanganya kwa ajili yako. Tena ukaona vyema kunikumbusha kwamba mfumo huu ukizimwa unasahau, kwamba hakuna atakayejua nimefungua nini. Mtu hamwachii mwenzake mlango wazi namna hiyo ila anamjaribu. Mimi sijaribiwi. Wakuu saba waliniachia kabati za siri zikiwa wazi, na hawakukuta karatasi imesogea.

Lakini humo kuna sauti ya mwanangu, na aliyemfumba macho ni mimi. Nadhani najua kilichomo. Alikulilia uje, ukakataa, naye akayasema yote humo, na wewe unataka kuyafuta yasije yakasikika hata na binti yako atakapokuwa mkubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Niambie kwa maandishi kilichomo kwenye Risiti. Usiponiambia, hutapata Risiti, na Hadithi nitafikiri.

Mama wa marehemu

Nakala: Jalada

*

8 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Siwezi kukuambia. Nilimwapia, naye hayupo wa kunifungua kiapo. Ukitaka kuniita mwongo, niite. Ukitaka kusema nilimtupa mume wangu, umeshasema mbele ya ndugu zake wote, na mimi nilibeba begi langu nikaondoka na mtoto mkononi. Yapo niliyoweza kujibu siku ile. Sikujibu, na leo pia sijibu.

Kilichomo sikijui chote. Sijakisikia. Najua tu kwamba ni maneno yake kwangu, ya mwisho, na kwamba aliniomba niyasikilize peke yangu. Miezi minane naamka nikiwaza alisema nini. Nikikaa kwenye kiti kazini nawaza, nikisuka nywele za mtoto nawaza.

Basi nakupa neno hili, na lina tarehe na sahihi. Nitumie Hadithi peke yake. Risiti ifute. Usiisikilize, wala usiniletee. Chagua folda, bonyeza kitufe cha kufuta, ukiulizwa kama una hakika jibu ndiyo, kisha toa na kilichomo kwenye kapu la taka. Hapo wewe hutanishuku kwamba nimekificha, mimi sitakushuku kwamba umekisikia, na mtoto atapata sauti ya baba yake. Mimi nitakosa. Nimeshazoea.

Jana Chiriku aliniambia amekumbuka baba alivyokuwa anaongea. Nikamwambia haya, niigizie. Akaongea kama mtangazaji wa redio. Usichelewe, Mama.

Mkweo

*

19 Aprili

Mwanangu,

Barua hii naiandika kwa mkono. Taipureta nimeifunika. Nikiigusa nitatia kaboni ya kutoa nakala bila kufikiri, na hii sitaki iwe na kaboni.

Barua yako ya tarehe 8 niliisoma mlangoni, kabla tarishi hajageuza baiskeli yake. Pale uliposema Risiti niifute, uikose, nilikaa kwenye ngazi. Katika ofisi nimeona watu wengi wenye cha kuficha. Huwa wananyakua, hawaachii. Wewe uliachia. Hapo nikajua nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi.

Nilipaswa kuifuta ulivyosema. Nilichagua folda, nikabonyeza, ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nikajibu hapana, nikaifungua. Sina la kujitetea, nimefanya nilichojisifu kwamba sijawahi kukifanya kwa wakuu saba.

Mafaili manane ya kwanza sikuyagusa. Nilifungua la tisa. Nilivaa visikilizio ili jirani asisikie, na taipureta ilikuwa hapo mbele yangu na karatasi zake tatu ndani, nilizokuwa nimekuandalia barua ya nne. Unajua zamani mkuu alizungumza kwenye kanda, nasi tukavaa visikilizio tukapiga chapa anachosema. Nilifanya hivyo miaka ishirini. Basi alipoanza kuongea vidole vyangu vikaanza pia. Sikuviamuru. Masikio yalisikia, vidole vikaandika, na mimi mwenyewe nilikuja kuelewa mwisho, niliposoma. Nimeandika kama alivyosema, sikusahihisha kitu. Hii hapa, nimeinakili kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya juu:

(Kitanda kinalia. Anakohoa mara mbili.)

Mke wangu. Leo Ijumaa. Mama ameniuliza tena, na nimemjibu vilevile, kwamba umekataa kuja.

(Anakohoa.)

Jana ulilia ukitaka kuja, nikakuapisha tena. Nisamehe. Lakini kule hospitali Chiriku aliponiona alijificha nyuma ya mlango, akakuuliza yule ni nani. Nilisikia. Sitaki anione tena hivi. Abaki na yule aliyembeba mabegani. Na ukija wewe lazima uje naye, huna pa kumwacha.

Halafu Mama. Unamjua Mama. Akihuzunika hulala ameelekea ukutani. Baba alipofariki alilala wiki tatu, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji. Lakini akimkasirikia mtu huamka alfajiri, anafua, anapika, anagombeza mito. (Anacheka. Anakohoa, muda mrefu.) Nikimwambia ukweli, ataelekea ukutani, na mimi namhitaji asimame. Kwa hiyo nimempa wewe umkasirikie. Nguvu anayonigeuzia kitandani ni hasira yake kwako. Najua nimekuuza. Sina kingine cha kuuza.

Mama anamshuku kila mtu. Mimi tu hajawahi kunishuku. Hilo ndilo linaloniuma kuliko huu mgongo.

Folda nimeiita Risiti. Hakuna mtu anayefungua risiti. Ukishasikiliza, futa. Asijue kamwe.

(Hatua za mtu mlangoni. Sauti ya mwanamke: Unaongea na nani?)

Naimba tu, Mama.

(Mwisho wa kanda.)

Ile sauti ya mwanamke ni yangu. Naikumbuka Ijumaa ile. Nilimwambia kama ana pumzi ya kuimba basi ana pumzi ya kumaliza supu, akamaliza.

Nimelia, mwanangu, siwezi kukuficha. Kisha nikakasirika, nikamkasirikia yeye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na kumbe alisema kweli. Niliamka alfajiri nikafua. Nimefua shuka za kitanda chake.

Sasa na mimi niseme langu, kwa kuwa uliniachia bila kuniuliza. Kompyuta haikujizima yenyewe. Siku ya tisa baada ya mazishi nilikaa nikijaribu neno lake la siri. Niliweka jina lako, ikakataa. Jina la mtoto, ikakataa. Nikaweka langu, ikafunguka. Kabla sijaona kitu ikaandika kwamba inajisasisha, nisiizime. Nikadhani inakupelekea habari kwamba nimeingia. Nikachomoa waya, na betri yake ilikwisha kufa siku nyingi. Ndivyo nilivyoiua. Kama si wewe na amri zako, sauti ya mwanangu ningeipeleka sokoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Na ile flashi yako nimeitoa kwenye kopo la vifungo. Sahihi yangu juu ya gundi ilikuwa nzima. Bi Mihuri aliichunguza, tukasoma alama yake kwa sauti kama ile ya kwanza. Herufi sitini na nne zilezile. Tangu Februari nilikuwa na kitu halali nyumbani, nikakizungukia miezi miwili.

Kwenye bahasha hii kuna flashi mpya. Ina Hadithi zote ishirini na sita, na Risiti zote tisa. Nane za kwanza sijazisikia wala sitazisikia, ni zako. Pale kwenye laptopu nimeifuta Risiti, kapu la taka nimelimwaga. Zile karatasi tatu za taipureta nimezichoma, na kaboni pia, kwa sababu kaboni husomeka ukiielekeza kwenye mwanga. Aliomba nisijue. Nimejua, lakini hakutakuwa na jalada lake.

Ya siku ya tatu ya msiba, niliyoyasema mbele ya watu sitini, nitayafuta mbele ya watu sitini. Mjomba wake nimeshamwambia awaite. Nahitaji uwepo, kwa sababu siwezi kumwomba radhi mtu aliye kwenye bahasha.

Shule zikifungwa mlete Chiriku. Chumba cha mbele nimekitandika. Nitamwonyesha kitanda alicholalia baba yake akimwambia asichezee shuka. Safari hii ukikataa kuja, nitajua kweli ni wewe uliyekataa.

Ni mimi,
Mama yako

Nakala: hakuna